Kovu Ambalo Hakuna Aliyelichoma

Mwaka wangu wa kwanza wa udaktari mjini Maskati, miaka ya tisini, nilikuwa mtu wa kurudi nyuma. Nikitoka wodini, narudi kutazama kama nimeandika tarehe. Nikifika nyumbani Al Amerat, napiga simu kuuliza jambo nililokwisha kuuliza. Wauguzi walinijua kwa pumzi tu, kabla sijasema kitu.

Wodi ya wanawake tulikuwa na bibi mmoja, Mwomani wa Unguja kama watu wa kwetu, homa siku ya tisa. Malaria hana. Homa ya matumbo hana. Kifua kikuu hakikuonekana. Dawa tulizompa hazikugusa kitu, na asubuhi ile pumzi zilianza kuwa fupi. Daktari mkubwa wetu alisema akizidiwa atapelekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa umri wake hakutumaini kwamba atarudi.

Chini ya mkunjo wa tumbo alikuwa na kigaga cheusi cha mviringo, mfano wa alama ya sigara. Mimi ndiye niliyempokea, na niliandika: kovu la wasm. Wazee wengi wa Oman wakiumwa huchomwa kwa chuma cha moto, ndiyo wasm hiyo, na alama zake tumezizoea hata hatuzitazami. Madaktari wawili walionifuata walinakili neno langu.

Mchana nilikuwa nimeshafika garini nilipojiuliza: nani alimchoma? Nikajijibu kwamba hayanihusu. Nikafungua mlango, nikaufunga, nikarudi.

"Bibi, nisamehe. Hapa tumboni nani alikuchoma?"

Akafungua jicho moja. "Nichomwe mimi? Kwani mimi ngamia?"

"Sasa hiki nini?"

"Nnajuaje? Nimerudi nacho kutoka India. Hakiumi, hakiwashi. Daktari wewe, waniuliza mimi."

India alikwenda kutibiwa macho. Kisha mwanawe akampeleka milimani kupunga hewa, wakatandika shuka majanini wakanywa chai.

Chuoni tuliwahi kusomeshwa, somo moja tu, homa ya vichakani inayoletwa na utitiri wachanga wasioonekana kwa jicho. Wanauma bila ya mtu kuhisi, panabaki kigaga cheusi, kisha homa. Nilimwendea mkubwa wetu, nikaanza kwa kuomba radhi mara tatu. Akaja, akainama, akakitazama kile kigaga kwa muda.

"Nani aliandika wasm?"

"Mimi."

"Basi lifute wewe, na dawa uandike wewe."

Hakungoja kipimo, maana damu ilibidi ipelekwe nje ya nchi. Alasiri ile bibi alimeza doksisiklini. Kesho yake homa ilianza kushuka. Keshokutwa joto lake lilikuwa kama langu, anapumua vizuri, na uji wa hospitali ameurudisha kwa sababu hauna hiliki. Majibu ya damu yalipokuja kusema ndiyo, yeye alikuwa kwake zamani, anagombana na wajukuu.

Kabla hajaondoka, mkubwa wetu alileta wanafunzi wa kike wakione kile kigaga. Bibi akajifunua mwenyewe.

"Tazameni vizuri, wanangu. Atakayeandika nimechomwa, nitamchoma yeye." Akanielekezea kidole. "Huyu nimeshamsamehe. Alirudi kuuliza."

Siku hiyo niliendesha moja kwa moja hadi Al Amerat, na sikupiga simu.