Risasi Iliyoitwa Ardis

Wanaume wengine huwanunulia wake zao pete. Verlin Haugstad alimbunia mkewe risasi. Haikuuzwa katika duka lolote la Montana. Ukiitaka, ilibidi uchukue ganda la risasi nene zaidi, ulipake nta, ulisukume ndani ya kalibu ya kwanza kwa wenzo wa mashine, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka shingo yake inywee na kubaki na upana wa penseli. Verlin aliipa jina la mkewe, Ardis, na wafugaji waliosumbuliwa na kindi wachimba mashimo waliijua. Mimi, jirani yao, niliona ni wazimu mtupu, nikawaambia hivyo mezani kwao, huku nikila pai yao.

"Na wewe unayeshona mablanketi ya viraka na maduka yamejaa mablanketi?" Verlin alinirudishia. "Mwehu hapa nani?"

Nilijikatia kipande kingine cha pai. Na alikuwa fundi kweli. Shaba ya ganda ikibanwa haipotei, hujirundika shingoni na kuinenepesha. Ndiyo maana baada ya kalibu ya mwisho Verlin alikereza kila shingo kwa ndani. Anayeruka kazi hiyo, alikuwa akisema, anatengeneza bomu. Shingo nene hujaa ndani ya bunduki ikakosa pa kutanukia, risasi inakwama, na moto unamrudia mpigaji usoni.

Mwaka jana akaanza kupotea njia ya kanisani. Akawa anamwita binti yao wa pekee, Joleen, kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Ardis alimfichia funguo za gari, lakini ile mashine hakuigusa.

"Mikono yake bado inakumbuka," aliniambia.

Alitabasamu aliposema hivyo, na tabasamu lile lilinitia baridi.

Jumamosi moja ya masika Joleen alikuja kutoka mjini, akampeleka baba yake vilimani kuwinda kindi. Ardis nami tukashuka kwenye karakana ya chini ya nyumba kufagia. Alifagia kidogo tu, kisha akasimama.

"Shaba iko wapi?"

"Shaba gani tena?"

"Nyuzi zake! Akikereza, sakafu yote hung'aa. Jana katengeneza boksi zima, na ndilo walilokwenda nalo."

Alipiga magoti, akapapasa chini ya meza. Akaikung'uta aproni ya Verlin. Haikutoa kitu. Kwenye meza lilikuwa limebaki ganda moja. Alichukua kile chuma cha kukerezea, akajaribu kukiingiza shingoni. Kiligoma mlangoni; shingo ilikuwa bado nene.

"Mungu wangu," alisema. "Joleen."

Alipiga simu, lakini kule vilimani hakuna mtandao. Tukapanda pikapu yake, akaendesha kama anayekimbizwa, changarawe zikirukia vioo. Nilifungua dirisha nisikilize. Kila tulipopita kilima bila kusikia mlio nilishukuru, kisha nikaogopa kwamba labda umekwisha kulia. Nilikuwa nimemkasirikia Ardis vibaya sana kwa kumwachia ile mashine, na sikuweza kumwambia.

Tuliwakuta penye uzio wa mwisho. Verlin alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, kofia imesukumwa kisogoni, amefurahi kuliko nilivyomwona tangu Krismasi. Joleen alilala kifudifudi, shavu kwenye kitako cha bunduki, anahangaika na komeo lake, kile chuma cha kufungia risasi ndani.

"Baba, haifungi."

"Isukume, mwanangu. Unaibembeleza ya nini? Kwa nguvu!"

"Iache!" Ardis alipiga ukelele akiwa bado anashuka garini. "Joleen, toa mikono! Iache hapo hapo!"

Joleen akainua mikono.

"We mwanamke, kelele gani hizo?" Verlin alifoka. "Kindi wote wamezama mashimoni!"

Ardis akamwendea, akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Verlin, niangalie. Zile shingo ulizikereza?"

Alimtazama. Niliona anajitahidi kweli kweli, paji limekunjamana. Kisha akamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgeni aliyeuliza njia.

"Kuzikereza? Kwa ajili gani, bibie?"

Joleen alikuwa bado amelala palepale, mikono hewani, analia.