Mfuko wa Koti Chini ya Ubao wa Karata

Juzi nilikwenda Ngulyati kumwona kijana wangu wa kwanza anavyobomoa nyumba ya baba yangu ili ajenge ya tofali za kuchoma. Usiniulize kama najivunia. Najivunia mpaka shingo inauma. Nimekaa zangu kwenye ndoo, natafuna michembe ya viazi vitamu, binti yake akatoka banda la kuku amekumbatia ubao mkubwa wa pembe nane.

"Bibi, hiki kitu gani? Kuku walikuwa wanakilalia."

Mimi niliyezika mume, niliyewahi kumfukuza fisi kwa mwiko, nikasogeza ndoo nyuma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kama ulikuwepo unakumbuka: kabla yake tulifulia majani ya mpapai na nguo ilikuwa kiraka juu ya kiraka. Halafu ghafla gulio la Bariadi likajaa sabuni za rangi, betri, na marobota ya nguo za Ulaya. Tuliziita kafa Ulaya, maana nani mwenye akili angetupa koti zima kama hajafa? Bibi yangu, mama yake baba, hakutaka zikanyage kwake. Kwetu mtu akifa nguo zake zinafungwa, zinakaa, mpaka ukoo ukusanyike kumaliza msiba ndipo wazee wazigawe: hii ya kaka, hii ya mpwa. Ukiigusa kabla, mwenyewe anakuja kuulizia.

"Na hao Wazungu," bibi alikuwa akisema, "nani aliwakalia msiba?"

Baba hakuwa mtu wa kuogopa. Alipopeleka pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia, aliwaona mabwana wakicheza poka kwenye meza yenye uso laini wa kijani, karata zinateleza kama samaki. Akarudi amepagawa. Meza mpya hakuiweza, na ile ya kulia ugali mama hakukubali iguswe. Akasema basi atatengeneza uso peke yake, wa kuweka juu ya meza na kuondoa. Mama akamwambia watacheza kwa mbegu za pamba tu. "Siku nikisikia ng'ombe anatajwa kwenye karata, huo ubao nitaupikia maharage."

Akavunja bodi la mkokoteni uliokufa, akapiga randa mpaka uwanja wote ukanukia mbao. Akakata pembe nane, kila mchezaji na upande wake. Juu akatandaza pamba yetu wenyewe, mimi ndiye niliyeitoa mbegu kwa vidole. Ukingoni akazungusha mpira wa ndani wa baiskeli, akaushindilia pamba ili viwiko visiumie. Kikabaki kitambaa. Akaenda gulioni, akarudi na koti refu la kijani, zito kama mtu aliyelala.

Alilikata palepale uani. Kila mkasi ulipolia, nilisikia mgongoni kwangu. Kitambaa akakivuta kikavutika, akakipigilia kwa misumari midogo ya fundi viatu. Mfuko mmoja akauacha mzima, akaugongomea chini ya ubao. "Karata nazo zipate nyumba," akasema, amefurahi kweli. Na kazi ya kuzitoa karata nyumbani kwao akanipa mimi.

Jumapili baada ya kanisa majirani wanakuja. Karanga zinalia kwenye kikaango, kibuyu cha maziwa mgando kinazunguka, na baba anaita, "Lete karata!" Naingia chini ya meza, katikati ya miguu ya vumbi na katambuga za matairi, napeleka mkono. Mle ndani kulikuwa na baridi hata jua likiwaka. Bitana ilinilamba vidole kama ulimi wa ndama. Nilijua iko siku nitakuta mkono mwingine umetangulia.

Jirani mmoja, mwenye kipaji cha kutisha watoto, kila akishindwa analalamika: "Mwenye koti ananichungulia karata! Mwambieni akakae upande wake." Wote wanapasuka kwa kicheko. Wao wanakwenda kwao. Mimi ubao unaegemezwa ukutani chumbani kwangu, mfuko umenielekea, mdomo wazi.

Mavuno ya pamba hayajaisha, baba akaanza kutetemeka. Tulimfunika kila tulichokuwa nacho, meno yanagongana tu. Mama akampeleka zahanati, akachomwa sindano za kwinini, homa haikusikia. Mchana mmoja nampelekea maji nikamsikia anasema, macho juu kwenye bati: "Nivueni koti. Jamani, nivueni koti."

Hakuwa na koti mwilini.

Maji yalimwagika yote. Mama alikuwa kisimani. Nikauburuta ubao mpaka uani, nikakoroga unga wa mtama na maji kwenye kibuyu, kama nilivyomwona bibi akiwatambikia wazee wetu. Halafu nikakwama: mwenye koti nitamwambia kwa lugha gani? Nikatoa Kiingereza changu chote cha shuleni. "Gudi moning, sa." Nikammwagia. Yaliyobaki nikayasema Kisukuma, aelewe asielewe: koti ni lako, baba hakujua, mwache baba.

"Unaongea na nani, ng'wanone?"

Nilijikojolea. Kumbe ni bibi, na neno hilo ni mwanangu tu, lakini pale lilinipasua. Nikamwambia yote, mpaka la baba kutaka avuliwe koti. Bibi hakucheka. Akaketi chini kwa kishindo, akanyoosha miguu kama wakaavyo wanawake msibani.

"Ukoo wake uko mbali," akasema. "Leo ukoo ni mimi na wewe. Kaa."

Tukakaa. Bibi akauliza kama marehemu alikuwa na ng'ombe. Nikasema sijui. "Tuseme alikuwa nao," akasema, tukamlilia kidogo. Kisha akagawa: kitambaa cha juu, cha mwanaye aliye kitandani. Mfuko, wangu. "Ila ukitaka kuingiza mkono, piga hodi. Mtu hata akifa hapendi kuingiliwa."

Baba akaja kuomba uji, kisha jua, kisha ubao wake. Mama alisema ni kwinini. Bibi alisema ni kwinini, ila ilikuwa inasubiri ruhusa. Baba alikuta unga umekaukia katikati, kitambaa kimekunjamana kama uso wa mzee.

"Nani kaupikia uji ubao wangu?"

"Aliyekurudisha," bibi akamjibu.

Tangu hapo karata hazikuteleza tena. Zilifika zilikotaka.

Wale wote wamekwenda. Sasa mitumba inavaliwa mpaka harusini, hakuna anayeuliza ya nani. Bibi alipofariki nguo zake ziligawiwa jioni ileile, watu wanawahi basi. Sikuwahi kufikiri kuna siku nitaitamani hofu ile. Lakini ilitufanya tumlilie mtu tusiyemjua hata jina.

Mjukuu akaugeuza ubao. Kitambaa mchwa wamemaliza. Mfuko bado umeshika. Akapeleka mkono, nami nikamdaka kifundo cha mkono.

"Piga hodi kwanza."

Akacheka. Akanitazama usoni, akaacha kucheka.

"Hodi," akasema.

Tukasubiri.