Tawi Walilokula Mbuzi

Mama yangu anataka kwenda kuliona shamba lake. Ananiambia hivyo kila Jumapili tukitoka misa na mtoto wangu, hapa mtaani Mudzipela tunakoishi sasa, na Jumapili iliyopita alikuwa ameshavaa viatu vya njia. Amesikia kwamba baadhi ya majirani wetu wa zamani wamerudi vilimani, upande wa Fataki, wakakuta mihogo yao ingali ardhini. Mimi namjibu habari za mvua, habari za mgongo wake, habari za barabara. Ukweli ni kwamba naogopa, na woga wangu haukuanza na vita vilivyotufukuza kule. Ulianza zamani, nilipokuwa na miaka tisa, na waliouanzisha ni mbuzi wawili.

Kwetu hapakuwa na barabara ya gari. Tulikuwa na njia za miguu, nyembamba, zilizopanda na kushuka vilima mpaka ungedhani waliozichora walikuwa wanakimbizana. Asubuhi ukungu ulijaa mabondeni na ulisikia tu watu wakisalimiana humo ndani bila kuwaona. Moshi wa mikaratusi, mlio wa kinu akina mama wakitwanga sombe, yale majani ya mihogo, kinyesi cha ng'ombe kikifuka mvuke kwenye baridi, hayo yote ninayo hadi leo. Miguu yangu ilijua kila jiwe. Nikilala vibaya usiku, bado natembea huko.

Chini kidogo ya kijiji njia iligawanyika. Mkono wa kulia ulipanda mgongo wa kilima, ukazunguka mbali, jua likakuchoma kisogo. Mkono wa kushoto ulitumbukia korongoni, mahali penye giza na utelezi, ukavuka mto juu ya gogo moja, na kukufikisha ng'ambo upesi. Mto ule ulikuwa msaliti. Mvua ilinyesha mbali huko juu, kwetu kukiwa na jua la kuanikia maharagwe, kisha maji yakaja kwa ghafla yamebeba matope na vigogo.

Basi watu wetu walikuwa na desturi. Aliyetangulia asubuhi, akiona njia ni mbaya, alirudi mpaka pale panapogawanyika, akavunja tawi bichi na kulilaza katikati ya njia isiyopitika. Walio nyuma hawakuuliza. Bibi yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma: "Ukikuta tawi mubichi, usipite, hata kama iko nani anakuita kule chini. Mwenye aliiweka alishaona. Lakini kama majani imekauka ao imeisha, ile ni mambo ya jana. Ruka, pita."

Siku yenyewe, mjomba wangu wa kilima cha ng'ambo alikuwa anajiandaa kupeleka mahari, na sisi tulikuwa tunamchangia mbuzi wawili. Mama aliniambia nitangulie nao, kwa kuwa mbuzi huenda polepole, yeye angenifuata na mdogo wangu mgongoni akishamaliza kumuogesha. Nilijiona mtu mzima. Mbuzi hawakuniona hivyo. Walinivuta huku na huku, wakaingia katika mahindi ya watu, na nilipofika kwenye mgawanyiko nilikuwa nimetokwa na machozi ya hasira.

Tawi lilikuwepo, limelazwa upande wa korongo, majani yake laini yanang'aa. Mbuzi wakalirukia. Ningeweza kuwavuta. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nyumbani walikuwa wametulia, na mimi nilikuwa na hindi la kuchoma sijalila. Nikakaa. Wao wakala, nami nikala. Waliposhiba nilishika njia ya kilimani kama nilivyofundishwa, nikaacha nyuma yangu kijiti kitupu, hakina hata jani moja.

Juu ya kilima nilimkuta mwalimu wetu amepumzika kwenye jiwe, suruali yake imelowa mpaka magotini.

"Gogo ilienda na maji," aliniambia. "Kidogo tu yanibebe na miye. Uliona tawi yenye niliweka?"

"Niliiona, mwalimu."

Ni kweli, niliiona. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama na mtoto mgongoni, na kile kijiti kitupu. Sikumwambia mwalimu. Nakuambia wewe leo: niliogopa fimbo yake, na kwa sababu ya fimbo nilimnyima mama yangu mtu mzima wa kumkimbilia. Nilisema nimesahau kitu nyumbani, nikawafunga mbuzi kwenye mti, nikashuka mbio.

Kile kijiti kilikuwa pale pale. Mbele yake, ndani ya udongo laini, kulikuwa na alama ya ndala ya mama, ile iliyoshonwa kwa waya. Ilielekea chini.

Niliteremka korongoni kwa makalio zaidi ya miguu. Niliita, na maji yakaimeza sauti yangu karibu na mdomo. Nilipofika chini, gogo halikuwepo. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo mwekundu, yanapita na mashina ya migomba. Juu ya jiwe la ukingoni palikuwa na kikapu cha mama na ndala zake mbili, zimepangwa vizuri. Mama hayupo. Nikajua nimemuua. Sikulia hata, nilisimama tu nikitazama zile ndala.

Kisha nikasikia mtoto akikohoa.

Mama alikuwa nyuma ya kichaka, kitenge amekifunga juu ya magoti tayari kwa kuvuka, ananyonyesha. "Nilitaka niingie," alisema, "mutoto akalia sana, njo nikaikala chini kwanza, anyonye." Nikamwambia yote, mbuzi, hindi, mwalimu. Hakunipiga. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka tukafika juu, akavunja tawi jipya, akanipa mimi nililaze.

"Koko yako asijue," alisema. Na bibi alikufa bila kujua.

Siku hizi njia zile zimemezwa na nyasi. Hilo si kitu, nyasi hukatwa. Kinachoniuma ni kwamba zamani niliweza kuyaweka maisha ya mama yangu mikononi mwa mtu nisiyemwona, aliyepita kabla yangu, na mtu huyo alikuwa tayari kurudi nyuma na suruali imelowa kwa ajili yetu. Leo nikikuta tawi bichi njiani kule, sitajua limewekwa na nani. Labda ananionya. Labda ananielekeza mahali anaponingojea na bunduki.

Jumapili iliyopita nilimwambia mama hivyo hivyo, bila kusingizia mvua. Nikamuuliza, tukienda, ni nani atakuwa ametangulia?

"Miye," alisema. "Miye niko muzee. Miye nitatangulia, weye utafwata nyuma na mutoto yako. Kama sirudie, utajua ile njia iko mubaya."

Alisema kwa upole, kama mtu anayepanga kazi za nyumbani, kisha akaanza kuvua viatu. Mimi niliingia jikoni kuwasha moto.