Ghala la Silaha la Mzee Nyange

Mzee Nyange Vuai wa Wawi, Pemba, ana miaka sitini na minne, magoti mabovu, na jicho la kulia ambalo kwa miaka arubaini limezoea kuchungulia ndani ya saa za watu, hata leo akikutazama unahisi anakutafutia skrubu iliyolegea. Ni fundi saa. Yaani alikuwa fundi saa mpaka watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, na tangu hapo amekuwa fundi wa kungoja wateja. Kwa upole hana mfano. Kuku wake mwenyewe wakimjia mlangoni, huwapisha kwanza wapite. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kukusanya bastola.

Si bastola za kutisha benki. Ni vile vibastola vya kizamani vya mfukoni, vyenye gurudumu la risasi linalozunguka, vidogo hata vikaenea kiganjani. Alikuwa navyo vitatu, ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda. Mwenyewe akiviita "mkusanyiko wangu". Mkewe, Bi Kazija, akiviita "vyuma vyako".

Cha kwanza kilitoka kwenye ukuta wa nyumba kuukuu iliyobomolewa Chake Chake. Mwashi alikiona katikati ya mawe, akataka kukitupa, na Nyange, aliyekuwa akipita kwa shughuli zake, akampa saa ya ukutani nzima, inayotembea, ili asikitupe. Mwashi mpaka leo anaamini alimwibia mzee wa watu. Cha pili kilitoka Kisiwa Panza kwa mvuvi mmoja aitwaye Zubeir, ambaye alikuwa amekifunga kwenye wavu wake kiwe chubwi, kiuzamishe. Kilikuwa kimeota chaza mpaka ndani ya mtutu, na Zubeir aliomba abadilishiwe kwa kitu chenye uzito uleule. Cha tatu ndicho kilichokuwa fahari ya kopo zima: mpini wa pembe, na kifyatuo kinachojikunja kuingia tumboni kama mguu wa kobe. Hicho alipewa na Bi Asya, mjane wa Kengeja, siku aliyokwenda kumtengenezea saa. Kilikuwa kwenye mtoto wa meza ya marehemu mumewe, kimezongwa kitambaa, na Bi Asya alifurahi kupata nafasi ya kuwekea vifungo.

Kwa vile hakuna hata kimoja kilichofika na historia yake, Nyange alivitungia. Cha ukutani kilikuwa cha ofisa wa Kizungu aliyekimbia akaacha chai yake inafuka moshi. Cha chaza kilikuwa cha nahodha wa manowari. Na kile cha mpini wa pembe, hicho, alisema, ni cha babu yake mzaa baba, aliyempokonya bwana mmoja mwenye mashamba ya karafuu kwa mkono mtupu. Kwamba Bi Asya yu hai, yuko Kengeja, ana simu, na anakumbuka vizuri nani alimpa nani bastola, halikuwa jambo la kumzuia mtu mwenye babu shujaa.

Ukweli ni kuwa babu yake alikuja Pemba kutoka bara kuchuma karafuu za watu, akazichuma mpaka akafa, na aliacha jembe moja na mkeka. Nyange alikulia katika mtaa ambao kila jirani ana nasaba ndefu ya kumtajia, yeye akawa na jembe na mkeka. Haya hakuyasema hata kwa mkewe. Akanunua mafuta ya cherehani, akawa kila Ijumaa baada ya sala anavitoa vibastola vyake na kuvipaka kimoja kimoja, kama mama anayewapaka watoto mafuta kabla ya kwenda chuo cha Kurani.

Mambo yangeishia hapo lau si Idd ya mwaka juzi. Siku ya Idd Mzee Nyange alivaa kanzu mpya, koti na kofia ya kiua, akaketi kwenye kiti barazani, akaweka bastola ya mpini wa pembe juu ya goti, akamwita binti yake.

"Kauthar, hebu nipige picha. Uso usionyeshe meno."

Kauthar akapiga. Baba akamtaka airushe kwenye kundi la simu la mtaa, na chini yake aandike maneno matatu: *Wawi ina wenyewe.* Kauthar alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Kesho yake asubuhi akaja sheha, mkuu wa mtaa, Mzee Hija, mtu asiyekunywa chai ya mtu isipokuwa ana habari mbaya. Siku hiyo alikunywa vikombe viwili.

"Picha nimeiona, yakhe," alisema sheha.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri mno. Imefika mpaka polisi."

Bi Kazija aliyekuwa mlangoni akasema, "Alhamdulillah," akarudi jikoni.

Nyange akanyoa ndevu, akabadili kanzu. Alikwisha kuyaona yote kichwani: magari mawili, pengine matatu, askari wamezunguka nyumba, majirani wamejaa njiani, naye anatoka taratibu na kopo lake huku kila mtu akinong'ona. Saa nne akaja Sajenti Ridha, peke yake, kwa pikipiki, na tairi la nyuma limepungua upepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani?"

Nyange alipandishwa nyuma ya pikipiki, kopo la biskuti likakaa baina yake na mgongo wa sajenti, na hivyo ndivyo ghala zima la silaha la Wawi lilivyopita njia kuu, likigongagonga kila penye shimo. Majirani walidhani anapelekwa hospitali. Wawili walimpungia mkono na kumwombea shifaa.

Kituoni, Ridha alivipanga vibastola juu ya meza, akafungua daftari. Alikuwa kijana wa Unguja, mwenye adabu, na maneno yake laini ya mjini yalimfanya Nyange ahisi anahojiwa na mtangazaji wa redio.

"Mzee, kuna kipindi cha watu kusalimisha silaha kwa hiari. Mimi nataka nikuandike humo, uende zako nyumbani. Nina suala moja tu. Hizi zinapiga?"

Hapa palitakiwa neno moja, *hazipigi*, na mtu akawahi chakula cha mchana kwake. Nyange alilitazama neno hilo. Akaitazama bastola ya babu yake ambaye hakuwa na bastola. Akajikohoza.

"Inategemea nani kaishika," alisema.

Ridha akaweka kalamu chini. "Mzee, nakuuliza tena, na fikiri vizuri. Inapiga?"

"Ukiiudhi."

"Mzee Nyange, ikiwa inapiga na huna kibali, hiyo ni kesi. Ni mahakama. Ni jela."

Nyange akanyoosha mgongo. Ndiyo kwanza katika maisha yake mtu wa serikali amemwogopa, au alivyodhani mwenyewe, na hakuwa tayari kuiharibu saa hiyo tamu kwa kusema kweli.

Alikuwa bado amenyoosha mgongo pale Bi Kazija alipoingia na bakuli la muhogo wa nazi na samaki, akaliweka kati ya daftari na silaha, akamsalimu sajenti, akauliza mambo yamefikia wapi. Ridha akamweleza.

"Inapiga?" Bi Kazija alisema. "Ipi? Hii?" Akainyakua ile iliyotoka ukutani. "Hii mwaka wa sita huu mie navunjia kokwa za kungu. Tazama, mwanangu, hapa kwenye mpini. Yalivyochimbika haya ni kungu. Na hii ya chaza nailaza juu ya mtungi wa achari, mfuniko usipande, Ijumaa nairudisha koponi. Ingekuwa inapiga, si ingeshanipiga mie siku nyingi?"

Mzee Nyange alimgeukia mkewe taratibu. Alama zile kwenye mpini alikuwa amewaeleza watu wengi, kwa miaka, kuwa ni za panga la adui.

"Kungu?" alisema.

"Kungu, Baba Kauthar. Ulikuwa unazila weye mwenyewe."

Ridha alijikaza asicheke, akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Kisha akavipiga picha vyote vitatu, akamrushia mwenzake wa Unguja anayezijua silaha za zamani, na baada ya muda mwenzake akapiga simu. Ridha akaifungua sauti wote wasikie.

"Hizo mbili ni vyuma chakavu," ilisema sauti ya Unguja. "Hiyo ya kifyatuo cha kujikunja ndiyo nzuri. Zilikuwa zikitengenezwa Ulaya kwa ajili ya wapanda baiskeli."

"Wapanda baiskeli?" Nyange aliingilia.

"Ndiyo, mzee wangu. Zamani kule wakipita vijijini wakifukuzwa na mbwa. Basi mtu anaweka kibastola mfukoni, mbwa akija anampiga."

"Mbwa wa vita?" aliuliza Nyange, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mbwa tu, mzee. Mbwa wa njiani."

Bi Kazija alitaka kucheka. Akamtazama mumewe, akaona mabega yamemshuka ndani ya ile kanzu safi, na kicheko kikamwisha. Akamsogezea bakuli la muhogo. Hakula.

Kwa Ridha kazi ilikuwa imekwisha. Akaandika jina, mtaa, idadi, kisha akayasoma kwa sauti aliyoyaandika: silaha kuukuu tatu, zimesalimishwa kwa hiari, mbovu, hazifanyi kazi. Akampa mzee fomu, akatoka ukumbini kuzungumza na mtu aliyekuja kushitaki mbuzi wa jirani.

Nyange alibaki anaitazama fomu. Baiskeli alikwisha kuimeza. Mbwa nao aliwameza kwa tabu. Lakini palikuwa na neno moja pale ambalo halikupita kooni.

"Mbovu," alimwambia mkewe. "Kaandika mbovu. Hii si mbovu. Imekwama. Mbovu na iliyokwama si kitu kimoja."

"Tia sahihi twende zetu."

"Mie fundi, Kazija."

Akatia mkono mfuko wa kanzu, ambamo kwa mazoea ya miaka arubaini hapakosi bisibisi ndogo na kichupa cha mafuta ya cherehani. Ile bastola ya mpini wa pembe hakupata kuifungua hata siku moja. Alikuwa akiipaka nje tu, kwa heshima ya babu. Sasa heshima imekwisha, akaifungua kama anavyofungua saa ya mteja. Alilegeza skrubu mbili, akatia tone la mafuta, akapuliza, akakwangua uchafu kwa ncha, akafunga. Bi Kazija akimwambia acha, naye akisema ngoja kidogo. Ridha aliporudi mlangoni alilikuta gurudumu la risasi linazunguka *ka-ka-ka-ka*, laini kama jipya, kifyatuo kinajikunja na kujikunjua, na nyundo inapanda na kushuka. Mzee Nyange alikuwa ameinua uso, na jicho lake la kulia lilikuwa linameremeta.

"Umesikia?" alisema. "Miaka mia na ushei."

"Mzee!" Ridha alifunga mlango haraka. "Nimeshaandika haifanyi kazi!"

"Basi futa."

"Nikifuta unalala humu. Umenitengenezea silaha ndani ya kituo cha polisi, mzee wangu. Mbele ya daftari langu. Mimi nitamwambia nini mkubwa?"

Bi Kazija alifunika uso kwa mtandio. Kutoka humo ndani sauti yake ilitoka taratibu, bila ukali wowote. "Baba Kauthar. Irudishe ilivyokuwa."

Nyange alikaa. Kazi yake yote duniani ilikuwa kuchukua kilichosimama na kukifanya kitembee. Kinyume chake hakupata kukifanya hata kwa saa ya mtu aliyemdhulumu. Alilizungusha gurudumu mara moja zaidi, akasikiliza mpaka liliposimama lenyewe. Kisha akaifungua tena, akaichomoa springi kubwa inayosukuma nyundo, akaipinda mpaka ikavunjika. Akaviweka vipande viwili juu ya meza ya Ridha, mbalimbali.

"Sasa andika," alisema. "Lakini mbovu usiandike."

Ridha alimtazama mzee, akalikata lile neno kwa mstari, akaacha *hazifanyi kazi*. Akamwonya kwa maneno makali ambayo hayakutoka na ukali. Silaha, alisema, zitapelekwa kuteketezwa pamoja na nyingine. Kopo la biskuti akamrudishia Bi Kazija, kwa kuwa kwenye fomu halikuwemo.

Walirudi Wawi kwa miguu, polepole kwa sababu ya magoti. Wakapita mashamba ya kwanza ya mikarafuu.

"Hivi babu yako," alisema Bi Kazija, "alikuwa mtu wa namna gani hasa?"

Nyange alikwenda hatua kadhaa. "Alikuwa mwoga wa kupanda," alisema. "Akitazama chini macho yanamzunguka. Alikuwa akijifunga kamba kiunoni, anaifunga na kwenye shina, anafumba macho, anachuma kwa kupapasa. Wenzake wakimcheka. Msimu ukija anapanda tena. Baba yangu alinambia alikuwa akitapika asubuhi kabla ya kwenda shamba, kila siku, mpaka karafuu zikaisha."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu."

Bi Kazija alisimama katikati ya njia na kopo lake. Huu ulikuwa mwaka wa thelathini na saba wa ndoa yao. "Na habari kama hiyo ukaiacha, ukanihadithia za bastola?"

"Nilidhani haina kitu."

"Hm," alisema Bi Kazija, na wakaendelea.

Jumamosi ya wiki ile barazani, watu walipotaka kusikia habari za polisi, Mzee Nyange aliwaeleza juu ya mtu aliyechuma karafuu akiwa amefumba macho. Walimsikiliza mpaka mwisho, na mmoja wao, mzee mwenye nasaba ndefu kuliko wote, akaomba aihadithie tena. Aliihadithia tena. Ni kweli kwamba mara ya pili mkarafuu ulikuwa umerefuka kidogo, na kufikia Ijumaa iliyofuata ulikuwa unaonekana kutoka bandari ya Mkoani.