Mpira Uliopanguswa

Mpira wa tyubu ulinikaba shingo nikiwa nimeinama kwenye shina la muhogo. Sikuona mtu. Niliona udongo, kisha giza, masikio yakavuma. Nyuma yangu nikasikia pumzi za mtu ambaye nimempakulia chakula miaka mingi. Watu wakapita barabarani wakicheka kwa sauti, ndipo akaniachia akakimbilia mikokoni.

Hofu ilinianza kabla ya siku ile. Tangu tumzike mume wangu, mdogo wake alilitaka hilo shamba letu la Moa. Akija kunisalimu, mkononi anachezea ule mpira wa tyubu anaofungia mizigo kwenye bodaboda yake. "Shemeji, mjane na shamba wapi na wapi?" Mimi nacheka, huku nautazama ule mpira.

Basi mpira ulibaki shingoni mwangu. Sikuugusa. Niliwahi kusikia redioni kwamba mkono wa mtu huacha jasho na ngozi, vikipimwa vinasaba mwenyewe hujulikana. Nikaenda nao kituoni vilevile, waning'inia.

Mpelelezi akautoa kwa mikono mitupu. "Mama, mkufu wa harusi huu?" Wenzake wakaangua kicheko. Akachukua tambara la meza lililolowa maji, akapangusa tope.

"Afande, usiufute!"

"Wanifundisha kazi? Hakimu auone vizuri." Akautia ungali umelowa kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kabisa.

Majibu ya vipimo yalipotoka, dada mmoja wa maabara alinieleza taratibu. Unyevu umeotesha ukungu ndani ya nailoni. Mbali na vyangu, vinasaba vilivyosomeka ni vya mpelelezi peke yake. Ungeachwa ukauke bila kufutwa, ukatiwa kwenye bahasha ya karatasi, huenda vya aliyenikaba vingesomeka.

Shemeji, aliyekuwa amekamatwa kwa maelezo yangu, akaachiwa. Kati ya kwake na kwangu ni ua wa makuti tu. Kila asubuhi huchungulia: "Shemeji, shingo yaendeleaje?" Nikikohoa, naye hukohoa kuniigiza. Shambani siendi tena. Nalala nimeegemeza kinu mlangoni, na upepo ukigusa makuti nakaa kitako mpaka kuche.

Shemeji ndiye aliyenikaba. Nasema, na atakayechukia achukie. Lakini wewe mpelelezi ndiye uliyemfuta mikono, na wakubwa zako wamekuhamisha kimya kimya. Sitaki pole. Nataka uje hapa uani kwangu, wewe au mkubwa wako, mchana kweupe, shemeji akisikia, uniambie: akirudi kunimaliza, damu yangu ataijibu nani?