Sindano Iliyomlegeza Baba

Baba yangu alianguka kutoka kwenye kigoda akifunga matawi ya mizabibu kwenye nyaya, shambani kwetu Hombolo. Bega la kulia likateguka. Alikataa kubebwa, akatembea mwenyewe hadi barabarani huku mkono unaning'inia, akitukaripia mimi na mama kana kwamba tulioanguka ni sisi.

Hospitalini mjini, daktari alijaribu kulirudisha bega akashindwa.

"Mzee wangu, jilegeze kidogo," akamwomba.

"Nimelegea," baba akajibu, meno yameumana.

Sijawahi kumwona baba amelegea. Hata akiangalia mpira hukaa wima kama anayesubiri kuitwa mahakamani. Daktari akaibonyeza misuli ya shingo, akatabasamu, akasema atamchoma sindano ya kumtuliza. Si ya kumlaza kabisa, alitueleza. Misuli italegea, woga utamtoka, anaweza hata kuongea, ila baadaye huenda asikumbuke kitu.

"Woga gani?" baba akauliza.

Wakambana kidole kwa kifaa cha kupima mapigo ya moyo, nesi akaisukuma dawa polepole kwenye mshipa. Nilikuwa namtazama usoni. Kwanza yale makunyanzi ya katikati ya nyusi yakafunguka. Taya ikashuka. Vidole vya mkono mzima, vilivyokuwa vimeng'ang'ania shuka, vikaachia kimoja kimoja. Akamgeukia nesi, binti aliyemzidi mjukuu wake umri kidogo tu, akamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo."

Nesi hakujua aitikie au akimbie.

Kisha baba akamwona mama. Akamwita kwa jina la usichana wake, jina ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake.

"Umeshamwambia baba yako kwamba nakuja?"

Babu alifariki kabla mimi sijazaliwa. Nilidhani mama angemsahihisha. Mama akajifunika mdomo kwa khanga, akainama karibu naye.

"Bado. Naogopa."

"Mwambie. Mwambie ng'ombe ninao wa kutosha."

"Unao kweli?"

Baba akafikiri. "Sina," akasema, akaanza kucheka, kicheko laini cha kijana ambaye sikuwahi kukutana naye. Alikuwa bado anacheka daktari alipouvuta mkono na bega likaingia mahali pake. Hakushtuka hata kidogo.

Alipozinduka, makunyanzi yalirudi kwanza, yeye akafuata.

"Mbona mnanitazama?"

"Umelala vizuri tu," mama akamjibu. Kisha akamvuta daktari pembeni. "Mwanangu, hii dawa haina vidonge? Nimpe nyumbani, hata jioni tu."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akasema dawa ile haitolewi mpaka awepo mtu wa kuangalia mgonjwa anavyopumua.

"Nitamwangalia mimi," mama akasema.

Tulirudi nyumbani bila vidonge. Baba alipoambiwa aliyoyasema, alikana yote. "Aliyeongea ni dawa, siyo mimi."

"Basi mimi niliposwa na dawa," mama akamjibu, akaendelea kuchambua mchicha.

Kwa kuwa mkono ulifungwa kifuani, mama ndiye aliyemvisha shati kila asubuhi. Niliwasikia kupitia ukutani, baba akilalamika kwamba vifungo vinapishana, mama akimwambia asimame vizuri. Asubuhi moja malalamiko yalikatika ghafla, nikasikia wote wawili wanacheka. Nilikuwa nimewashikia chai mlangoni. Nikairudisha jikoni, nikaifunika isipoe.