Kabati Lililonyamaza Upande Mmoja

"Upande wake inafunga pole-pole kama inaogopa kuamsha mutoto, upande yangu inapiga kama bunduki! Papa Honoré, mimi niko bibi ya ngapi mu ile nyumba?"

Jeannette alikuwa amesimama katikati ya karakana ya seremala, mikono kiunoni, vumbi la mbao likimwingia kwenye viatu. Watu wawili waliokuwa wakipita barabara ya Karuba walipunguza mwendo wasikose neno. Papa Honoré aliendelea kupiga randa. Mwanaume akiona mwanamke amekasirika, kazi humwia tamu ghafla.

"Mama Jeannette, bwana yako aliniambia nifunge upande wake tu. Njo vile aliniambia."

"Na hizi?" Alinyoosha kidole kwenye kopo la maziwa lililokuwa juu ya meza. Ndani yake zilikuwamo amotiseri nne, vile vyuma vya kutuliza mlango usipige, bado zimevaa plastiki zake.

"Hizi ziko za mutu mwingine."

"Mutu gani wa Karuba iko na kabati ya kubembelezwa kuliko yangu?"

"Si wa Karuba. Wa mbali." Honoré aliweka randa chini, akasema anatoka kidogo kujisaidia, na hakurudi tena. Jeannette alimngoja mpaka akachoka, akarudi dukani kwake akiongea peke yake njia nzima.

Jeannette Kahambu alizaliwa upande wa Butembo, kwa watu ambao mtoto hujua kupima sukari kabla ya kujua Baba Yetu. Alifika Karuba akiwa na miaka ishirini na miwili, nyuma ya mumewe Jacques na magunia matatu ya chumvi. Miaka kumi na minne baadaye walikuwa na duka, watoto wawili, na kabati la libuyu, ile mbao nyekundu ya Walikale iliyo ngumu hata msumari unaingia kwa kuomba ruhusa. Jacques ndiye aliyesafiri. Alikwenda mpaka Ntoto, huko Walikale, kununua mafuta ya mawese, akashuka nayo Goma, akarudi na sabuni na vitenge. Jeannette ndiye aliyebaki nyuma ya meza. Mara mbili walikimbia vita, mara mbili walirudi wakakuta duka limefagiliwa hadi mizani. Kabati tu ndilo walilolikuta, kwa sababu lilikuwa zito kuliko tamaa ya wezi.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, kama nyumba nyingi za huko. Mbele duka, nyuma chumba, na kabati liliegemea ukuta uleule wa nyuma ya meza ya Jeannette. Jacques akifunga mlango wa kabati, makopo ya nyanya yaliruka kwenye rafu. Siku za amani hizo zilikuwa kelele tu. Mwaka ule vita iliporudi upande wa Mushaki, mambo yalibadilika. Siku moja mlango ulipiga, na Mama Benita, jirani aliyekuja kuuza mayai, akajitupa chini juu ya trei yake ya mayai thelathini. Alibaki pale akisali Salamu Maria huku ute ukimshuka kifuani. Watu walicheka siku tatu. Jeannette hakucheka sana, maana na yeye moyo ulikuwa umemrukia kooni.

Basi Jacques alipotoka Goma na zile amotiseri, alionekana kama Mtakatifu Yosefu mwenyewe. Ni kama zile za pikipiki, ila ndogo kama kidole. Honoré alitoboa kwanza tundu kwa keekee, kwa sababu libuyu ikilazimishwa hukata kichwa cha skrubu. Akapaka skrubu sabuni, akazikaza ndani ya fremu karibu na bawaba, akajaribu, akafungua, akasogeza kwa upana wa punje ya mchele, akajaribu tena. Mlango ulipobakiza shubiri moja, ulisita, ukajikalia mahali pake bila hata kupumua.

"Ni juu ya moyo yako," Jacques alimwambia. "Kila siku unashituka-shituka, utazeeka mbele ya wakati."

Jeannette alilipeleka neno hilo parokiani, kwenye kikundi cha akina mama, akalisimulia mara mbili kwa wale waliochelewa. "Mwanaume gani hapa Masisi ameshanunulia bibi yake ukimya?" Akina mama wakaguna kwa wivu. Upande wake kubaki na kelele kulimuudhi, ndiyo, lakini lawama alimtupia seremala. Jacques hakumgusa kwa neno.

Wiki moja baada ya ule ugomvi wa karakanani, alifungua upande wa mumewe apange mashati aliyofua. Akakuta fimbo na vining'inizio. Suti ya harusi haikuwapo. Koti la mvua, hakuna. Viatu vya ngozi, hakuna. Hata tai iliyoliwa na panya, hakuna.

Mwanamke wa mahali pengine angepiga kelele. Jeannette alitabasamu. Huko Masisi, bunduki zikikaribia, mwenye akili hutanguliza nguo: zile nzuri zinafungwa kwenye gunia, zinapewa dereva, zinawangoja wenyewe kwa ndugu Goma, ili siku ya kukimbia mgongo ubebe mtoto na si suti. Alidhani mumewe ametanguliza.

"Ulitanguliza nguo?" alimuuliza jioni, mkono ukiwa kwenye ugali.

Jacques alitafuna polepole kuliko kawaida. "Ndiyo. Zako zitafuata. Ninapanda Ntoto kukusanya deni za mafuta, halafu Alhamisi nakuja na gari, nakubeba wewe na batoto."

"Alhamisi?"

"Alhamisi. Usipande gari ya mutu."

Na hakupanda. Jumanne Papa Michel, mwenye Fuso, alimpigia honi mlangoni: nafasi tatu, chini ya turubai, bila kubishana. Jeannette akasema mume wake anakuja. Jumatano mabomu yalisikika waziwazi, na kila mtu akawa anasema lilelile: barabara ya Mushaki, njia pekee ya kushuka Sake na Goma, ikifungwa, Karuba inakuwa mfuko uliokazwa kamba. Papa Michel akapiga honi tena, nafasi mbili sasa. Mume wangu anakuja. Alhamisi aliwavika watoto viatu tangu asubuhi na kuwakalisha juu ya mizigo. Jioni akawavua. Simu ya Jacques ilikuwa inasema haipatikani, kwa sauti ya yule dada wa kwenye mtandao ambaye hajui aibu. Ijumaa akafungua duka, akapima sukari kama kawaida.

Jumamosi asubuhi Papa Honoré aliingia dukani na kikombe kitupu.

"Mama Jeannette, bibi yangu alikopa chumvi juzi. Sijapata ya kurudisha. Nimekuja kuomba univumilie."

"Papa Honoré, Mushaki inawaka, wewe unaniletea hesabu ya kikombe?"

Hakucheka. Alizungusha kikombe mkononi. "Kwa nini hamujatoka?"

"Bwana yangu anakuja na gari."

"Mama, haiko anakuja."

Jeannette aliacha kitambaa alichokuwa akifutia mizani.

"Siku ile ya kufunga amotiseri," Honoré alisema, akitazama kikombe, "alinituma nisimame hapa dukani, yeye akabaki chumbani anafunga na kufungua. Akaniuliza, 'Unasikia?' Nikamwambia hapana. Akafurahi. Nilijua si moyo yako anafikiria. Kila siku saa sita, watu wakijaa hapa, alitoa nguo moja ao mbili, akapitisha nyuma, kwa mwenye pikipiki wa Ntoto."

"Ntoto si Goma," Jeannette alisema, kama anamsahihisha mtoto.

"Iko na mwanamke kule. Falone. Mwaka wa pili sasa."

Mteja mmoja aliingia, akaona nyuso zao, akatoka.

"Wewe unajuaje?"

"Nilienda kule kuchukua mbao, bwana yako akanibebesha kazi. Kabati mupya, ya libuyu."

"Na ulifunga zile amotiseri za kopo?"

"Nilifunga, Mama."

"Upande moja?"

Honoré aligeuza kikombe juu chini. "Milango yote mbili."

Hapo ndipo Jeannette alipokaa. Si kwenye habari ya mwanamke. Yule wa Ntoto, Jeannette angeweza kumtukana; matusi alikuwa nayo ya kutosha. Ni ile milango miwili. Mwenzake alikuwa amenunuliwa ukimya mzima. Yeye alikuwa amenunuliwa uziwi, tena akaupeleka parokiani kuutangaza. Na katikati ya mabomu mtu yule alikuwa amemfungia na watoto kwa neno moja: Alhamisi.

"Wewe ulijua siku nimesimama kwako mbele ya watu," alisema. "Ukaenda kukojoa."

"Niliona ni mambo ya watu na ndoa yao. Lakini jana nikasikia umekatalia Papa Michel tena. Batoto wako hapa. Nikashindwa kulala."

"Papa Michel iko wapi?"

"Anapakia mbele ya soko. Ni ya mwisho."

Jeannette aliinuka. Hakulia; kulia kuna wakati wake, na wakati huo Fuso ilikuwa inaunguruma. Aliwavua watoto makoti ya shule, akawavika manene. Alifungua upande wake wa kabati, akatoa vitenge vinne na picha ya Komunyo ya kwanza, akauacha mlango wazi. Honoré alibeba godoro na sufuria bila kuombwa, akimfuata nyuma kama mtu anayepeleka msiba.

Kwenye Fuso ilibaki nafasi moja. "Jumanne zilikuwa tatu, Mama," Papa Michel alisema. Jeannette akamjibu kwamba atakaa kwenye moja, na watoto watakaa juu yake, na kama ana neno lingine aliseme wakiwa Sake. Papa Michel akanyanyua mtoto wa kwanza.

Honoré alimpandishia sufuria, kisha akabaki chini ameshika ubao wa gari.

"Mama Jeannette. Ile chumvi..."

Jeannette aliwavutia watoto mapajani. Injini ikavuma, watu wakaanza kusukumana.

"Chumvi nimekusamehe," alisema. "Chumvi tu."

Fuso ikaondoka kuelekea Mushaki.